Jini Aliyeulizwa Kwenye Lango la Sarandawi

Alitawala Sarandawi, mji wa nyuki na chemchemi za chumvi, sultani mmoja aitwaye Shamsudini bin Rajabu, na sifa za ukarimu wake zilifika mbali kuliko barua zake. Nami ninayeisimulia habari hii naomba radhi mapema, maana kila nifikapo kwenye zile siku za mwanzo ulimi hunogewa, nikakawia.

Siku zile kila mwenye mzigo aliyeingia Sarandawi alipita lango moja, na langoni palitundikwa kapani, ile mizani kubwa ya mizigo, na mpimaji wake aliitwa Bwana Mshamu, naye alikaa na mkewe na binti yake katika chumba kilichokuwa juu ya lango. Katika kila pishi kumi, iwe ya asali, iwe ya samli, iwe ya mtama, moja ilibaki mjini, na kwa pishi hizo mwalimu wa watoto alipata posho yake, na wachimba visima ujira wao, na kadhi alikula akashiba asiitamani rushwa. Na kila Alhamisi Sultani alishuka mwenyewe akaketi kwenye baraza ya lango, akanywa kahawa pamoja na wachukuzi, akasikia kwa masikio yake kwamba daraja fulani limekatika na kisima fulani kimefukiwa. Aa, siku hizo! Harufu ya iliki ilikupokea kabla ya mlinzi, na hakuna aliyepita pale bila kutaniwa.

Sasa jueni kwamba watu wa Sarandawi walikuwa na adabu moja waliyojivunia mno: aliyekupa kitu humwulizi alikokitoa, na aulizaye alihesabiwa kuwa hana malezi. Palisamehewa mahali pamoja tu, napo ni langoni, kwa kuwa kazi ya mpimaji ilikuwa kumwuliza kila mtu, "Umetoka wapi, umebeba nini, na huko utokako hawajambo?"

Basi ikawa siku moja wachimba visima wakafukua mtungi wa shaba uliozibwa kwa lakiri, wakaupeleka kwa Sultani, naye akaufungua mbele ya baraza lake, na kukatoka moshi, na moshi ukawa jini mrefu kupita nguzo, akapiga magoti akasema, "Hababi! Mimi ni Barkashi, mtumishi wa aliyenifungua na wa kizazi chake. Amuru, nitende."

Sultani akasema, "Kila mwezi uandamapo, nijazie kasha la hazina dhahabu."

Jini akainua uso kana kwamba anangoja neno la pili, na neno la pili halikuja. Akatoweka, na kufumba na kufumbua kasha likajaa. Wazee wa baraza walitazamana, kila mmoja ana swali mdomoni, na kila mmoja akalimeza kwa adabu.

Na Sultani, kwa wema wake (maana alikuwa mtu mwema, nisimsingizie), akaifuta pishi ya kumi, na wanawake wakapiga vigelegele siku tatu, na kapani ikateremshwa ikatiwa ghalani. Tangu hapo hakushuka tena langoni, kwani angefuata nini? Akajenga jumba la milango mia na mmoja, yote ya dhahabu, na kila mlango ukaajiriwa watu wanne, wawili wa kufungua na wawili wa kufunga. Daraja lilipokatika hakusikia. Asali ikapungua mwaka baada ya mwaka, na chemchemi za chumvi zikanywea moja moja, na watu wakasema haidhuru, dhahabu ipo. Ikawa hivyo miaka ishirini na saba.

Sultani Shamsudini alipofariki akatawazwa mwanawe, Sultani Nasibu, kijana mpole wa miaka thelathini na tano ambaye hakuwa ameoa bado, kwa sababu Waziri Dahmani kila mwaka alimwahidi posa yenye faida zaidi. Mwezi wa kwanza kasha likaja nusu. Mwezi wa pili jini akaja mikono mitupu, akasema, "Kimekwisha, Maulana," akainamisha kichwa.

Hapo ndipo mji ulipojua umesimama juu ya nini. Askari wakaondoka na ngoma zao. Mwalimu wa watoto akauza kilemba chake, kisha akauza mikeka ya chuo, na watoto wakawa wanazurura. Wafungua na wafunga milango, watu mia nne na wanne, wakaketi uani kudai mishahara, na kadhi, Mungu amsamehe, akaanza kupokea kuku.

Waziri Dahmani akasema, "Maulana, mfalme wa Jabalkufi atatujazia kasha mara kumi. Anataka ufunguo wa lango tu, na kila kipitacho pale kiwe chake milele. Nimekwisha kumwandikia. Wajumbe wake watafika Ijumaa."

Habari hiyo ikamfikia Sauda binti Mshamu katika chumba cha juu ya lango. Mama yake alikwisha kufariki, na yeye alikuwa akimuuguza baba yake, mzee asiyeweza tena kusimama, ambaye haja yake katika dunia ilikuwa moja tu, afe palepale alipofanyia kazi. Wajumbe walikuwa wametuma neno kwamba chumba kiwe kitupu kufikia Ijumaa. Sauda akajifunga buibui, akaenda barazani.

"Hababi," akasema, "kabla hujatoa ufunguo, mwulize jini ile dhahabu aliitoa wapi."

Baraza zima likaguna. Waziri akasema, "Kumwuliza aliyetupa? Binti Mshamu, wewe umelelewa wapi?"

"Nimelelewa langoni, Bwana Waziri, na langoni huulizwa kila mtu. Huyu jini hajapita pale hata siku moja. Mwamuruni apite kama wapitavyo wenzake, na hapo hakuna atakayeaibika."

Sultani Nasibu akaamuru iwe hivyo.

Siku ya pili, asubuhi na mapema, Bwana Mshamu akateremshwa na kitanda chake, akawekwa penye baraza, na kapani ikatolewa ghalani ikatundikwa, na jini Barkashi akaja kwa miguu, akainama ili aenee langoni. Mzee akakohoa, akasafisha koo, na sauti yake ikatoka ile ile ya zamani.

"Umetoka wapi, umebeba nini, na huko utokako hawajambo?"

Jini akalia. Akasema, "Mzee wangu, miaka ishirini na saba nangoja kuulizwa! Jini haumbi dhahabu. Nimetoka katika miaka yenu ijayo. Niliamriwa nilete, nikaenda mbele, nikavuna asali ambayo nyuki wake hawajazaliwa, nikachota chumvi za chemchemi kabla hazijabubujika, nikaziuza, nikaleta, mpaka kikaisha cha kuvuna. Nimefika mpaka miaka ya wajukuu wa binti yako huyu. Na huko, mzee wangu, hali zao si njema."

Watu wakawatazama watoto wao wakaona haya.

Sultani Nasibu akauliza, "Waweza kurudisha?"

"Kilicholiwa kimeliwa, Maulana. Kilichosimama bado, nitakirudisha."

"Basi bandua milango yote."

Waziri Dahmani akapiga kelele, lakini jini alikwisha kuikwapua milango mia na mmoja na sahani na vinara, akaenda navyo kwenye miaka ijayo, na jumba likabaki wazi kila upande, paka wakiingia na kutoka. Kisha Sultani akamwacha jini huru, akashika kata akaipima pishi ya kwanza kutoka katika shamba lake mwenyewe, na wajumbe wa Jabalkufi wakarudi na kasha lao. Wako walionung'unika kulipa. Sultani alishuka kila Alhamisi akawasikiliza, na wengi wakalipa.

Bwana Mshamu akafariki mwezi uliofuata, katika chumba chake, akisikia wachukuzi wakibishana chini. Matanga yalipokwisha Sultani akaleta posa, na Sauda akajibu, "Nimekubali, lakini sihami." Sultani akahamia yeye juu ya lango, wakaoana, wakajaaliwa watoto na riziki ya kutosha, ingawa haikuwa ya kujivunia.

Na funzo lake ni kwamba anayekuletea neema kila mwezi, mwulize aliitoa wapi, hata kama ni haya kuuliza. Mimi ni mjukuu wa Sauda. Milango ile ilitosha kuirudisha chumvi yetu, na asali haikurudi. Utamu wake nimesimuliwa tu, na nilipomwuliza bibi ilikuwaje, alinishika mkono, akaniomba msamaha.