Kikombe cha Mheshimiwa Korongo

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa hawajajua ukuta ni nini, ziwa lilikuwa la wote. Kisha Kiboko akaja na nyavu, Mamba akaja na miti. Wakafunga, wakakaza, wakagongomea, ko-ko-ko, vizimba vikaelea juu ya maji kama mji. Kizimba kimoja, sato elfu. Vizimba viwili, sato elfu mbili. Vilipofika ishirini, ziwa likaanza kunuka.

Watoto, msizibe pua bado. Ngojeni.

Sato wa kizimbani hali upepo. Kila siku Mamba alizoa dagaa wa ziwa, magunia kwa magunia, akawatwanga, akawamwagia sato. Mabaki yakazama. Vinyesi vikazama. Dawa za kuwatibu sato waliobanana zikazama pia. Kule chini kukawa uji mweusi.

Jirani na hapo, kwenye ukingo wa udongo nyuma ya matete, aliishi Mdiria, ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu kuliko kichwa chake. Alikuwa na makinda wanne. Zamani alipiga mbizi mara moja, chubwi, akaibuka na dagaa. Siku hizi alipiga mbizi chubwi, chubwi, chubwi, akaibuka na jani.

"Mama, leo tena jani?" makinda wakauliza.

"Hili lina harufu ya dagaa," alisema Mdiria. "Lambeni taratibu, msigombane."

Asubuhi moja Kiboko akabisha hodi. Kichwa chake kikaziba mlango, nyumba nzima ikawa giza.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, kadege. Kesho anakuja Korongo, mkaguzi wa Baraza la Ziwa. Akinigongea muhuri wa jani la kijani, kila mtu ataamini sato wangu ni wa maji safi. Na hapo nitaongeza vizimba ishirini vingine, hapa hapa kwenye matete."

"Hapa kwangu?"

"Utahama. Si una mbawa?"

Mdiria akawatazama makinda wake. Hawakuwa na mbawa bado. Walikuwa na vidomo tu, vimeachama.

"Sasa mimi unanitakia nini, Mzee?"

Kiboko akashusha sauti. Korongo, alieleza, hapendi kulowesha miguu. Hukaa mezani ufukweni, huletewa mtungi wa maji ya vizimbani, hunywa kikombe kimoja, kisha hugonga muhuri, pa, akaenda zake.

"Wewe ni mwepesi," alisema Kiboko. "Ujaze ule mtungi kwa maji ya Chemchemi ya Kilimani. Korongo asijue. Nitakupa dagaa wawili."

"Wawili, na makinda ni wanne?"

"Wagawane."

Mdiria akainamisha kichwa. "Sawa, Mzee. Nitachota."

Akachota kweli. Alikuwa na kibuyu kidogo kama yai la kuku. Akapanda kilimani, akashuka, akapanda, akashuka, safari arobaini, mpaka mtungi ukajaa maji meupe, matamu, baridi.

Kesho yake Korongo akawasili, miguu mirefu, miwani puani, mkoba kwapani. Ufukweni palikuwa na meza, mezani palikuwa na mtungi, na mtungi ulikuwa na karatasi: MAJI YA VIZIMBANI. Kiboko alikaa kulia, Mamba kushoto. Mdiria ndiye aliyemimina, tiriririri.

Sasa, ziwa lile lina desturi. Mgeni hanywi mpaka mwenyeji aonje kwanza mbele yake. Ndiyo heshima, ndiyo na amani ya moyo.

"Karibu uonje, mwenyeji wangu," alisema Korongo.

Kiboko akakiinua kikombe. Mdiria akatua begani kwake, akamnong'oneza kwa sauti iliyomfikia na Mamba.

"Mzee, nisamehe. Kilimani ni mbali, mbawa zilichoka. Nimechota chini ya kizimba cha saba."

Kikombe kikasimama hewani.

"Mshirika," alisema Kiboko, "onja wewe. Mimi nimeshiba."

"Nionje mimi?" Mamba akashika taya. "Jino linaniuma tangu juzi."

"Lipi, kati ya yote hayo?"

"Yote."

Kikombe kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda tena. Korongo alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Waheshimiwa, jua linapanda. Ni funda moja tu."

"Kunywa, Mamba."

"Kunywa wewe. Vizimba ni vyako."

"Vyangu? Na aliyemwaga dawa kizimba cha saba ni nani? Nikinywa hiki nitaoza tumbo! Chini pale kuna kinyesi cha miezi minane!"

Hata matete yaliacha kuchezacheza.

Mdiria akaruka mezani, akatumbukiza mdomo kikombeni, gwi, gwi, gwi. Akajipangusa kwa bawa.

"Matamu," alisema. "Ni ya Chemchemi ya Kilimani, Mzee, kama ulivyoniagiza. Sikuchota kizimba cha saba. Ningewezaje? Nina watoto."

Korongo akaonja. Kweli, yalikuwa ya kilimani. Akautazama mtungi, akaitazama karatasi, akamtazama Kiboko, ambaye kwa mara ya kwanza alitamani kuwa mdogo.

"Miaka sita nagonga muhuri mezani," alisema Korongo polepole. Akakunja suruali, akaingia ziwani, akachoma mdomo wake mrefu chini ya kizimba. Ulipotoka ulikuwa mweusi mpaka machoni. Akapiga chafya mara nne.

Muhuri ukarudi mkobani. Baraza likaamuru vizimba vipunguzwe vibaki vitano, vivutwe hadi kwenye mkondo wa maji, na dagaa wasivuliwe wakati wa kutaga. Matete hayakuguswa. Tena Korongo akaapa kuwa kuanzia hapo atakagua akiwa amelowa.

Mvua mbili zikapita. Mdiria akapiga mbizi, chubwi, akaibuka na dagaa. Makinda wake, ambao sasa walikuwa na mbawa, hawakuuliza kitu. Walikuwa wanatafuna.

Basi watoto, mtu akikusifia maji yake, usitazame muhuri alionao. Mpe kikombe, umwombe aanze yeye.