Kanzu Iliyoezeka Nyumba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa sindano, pakawa uzi. Atakayesinzia namshona mdomo!

Shona, bibi, sisi macho!

Hapo kale paliondokea mtu na mkewe. Mume akiitwa Vuai, mke akiitwa Mize. Nyumba yao paa bovu, ukilala chali unahesabu nyota. Na masika hayoo, yanakuja.

"Mume wangu, tununue makuti. Watoto wataloa."

"Pesa hamna, Mize."

Hamna! Mnajua zilikokwenda? Kwenye kanzu! Bwana huyu, kanzu ikipata kasoro kidogo, anaitupa jalalani na kununua nyingine.

Siku hiyo kifungo kilikatika. "Imekufa hii!" Akaitupa. Mize roho ikamuuma. Akaiokota, akatia kifungo, akaifua, akaitia wanga, akaipiga pasi ya makaa, akaifukiza udi. Akampelekea Riziki, muuza nguo gulioni.

"Shoga, mume wangu akija, muuzie hii."

Vuai akaja. Akaigeuza, akainusa. "Hii sasa ndiyo kanzu!" Akalipa. Riziki akachukua chake, pesa zilizobaki zikaingia kibubuni kwa Mize.

Mara ya pili, mchuzi wa bizari. "Imekufa!" Mize akapaka ndimu na chumvi, akaanika juani, doa likatoka. Fua, wanga, pasi, udi. Vuai akainunua tena!

Mara ya tatu, ikachanika kwapani. "Imekufa!" Jamani, kanzu gani inakufa mara tatu? Uzi mweupe ulikwisha, Mize akashona kwa mwekundu aliobakiza kwenye gauni la mtoto. Kwapani nani ataona? Fua, wanga, pasi, udi. Vuai akanunua, akaenda nayo harusini kijiji cha pili, siku mbili.

Huko mvua ikashuka. Vuai mbio mpaka nyumbani. "Masikini wanangu!" Kuingia, ndani pakavu, watoto wanakoroma. Juu, makuti mapya.

"Mize! Makuti haya yametoka wapi?"

"Kwapani mwako. Inua mkono."

Akainua. Akauona uzi mwekundu, akaangalia gauni la mtoto.

"Kumbe... ni ile?"

"Ile ile. Na ya kwanza ile, na ya pili ile."

Vuai akaona haya. Halafu kicheko kikamshika, akacheka mpaka kifungo kikaruka, tii, kikaangukia uvunguni.

Mize akamtazama. "Imekufa?"

Vuai akapiga magoti, akakitafuta kifungo chake.

"Nipe sindano, mke wangu."

Hapo napiga fundo, uzi naukata. Mwenye nguo iliyochanika akashone, asiyenayo akalale.