Kitanda cha Chekecha

Bisha kama una ubavu, lakini Chekecha alikifufua kitanda kilichokuwa kinangoja kuliwa na mchwa. Alikipiga msasa, akakigongomea ubao mpana kichwani, akakipaka vanishi mpaka kikang'aa. Chumba nacho akakipaka chokaa, maana bibi harusi wake alikuwa anafika alasiri, na kwao mwanamke haingii nyumba isiyo na kitanda.

Mwenye nyumba, Mzee Ndaro, akachungulia.

"Kijana, hicho kitanda changu. Ulikikuta humu."

"Kweli, mzee wangu. Ukakiita kuni."

"Sasa si kuni. Leo nakilalia mwenyewe."

"Chukua, baba. Ubao wa kichwani nimeutoa kwenye jeneza kuukuu la msikitini. Wote walioulalia, hajarudi hata mmoja kulalamika."

Mzee Ndaro akatoka kinyumenyume, kanzu mkononi, kiatu kimoja akakisahau.

Alasiri Zawena, bibi harusi, akagoma mlangoni.

"Mzee kaniambia habari za jeneza. Silali hapo mimi!"

Chekecha akamnong'oneza, "Ingia, mke wangu. Jeneza nimemzulia mzee tu. Ubao ule ni mlango wa banda lake la kuku. Anautafuta tangu juzi."