Leseni ya Dalali Shekiondo

Kisa hiki nimetumiwa asubuhi ya leo nikisubiri chai ichemke, nikakisoma mara mbili. Kisome taratibu, halafu mtumie mtu unayeishi naye nyumba moja.

Katika mji mmoja mdogo ulio chini ya milima, paliishi dalali wa nyumba na viwanja aliyeitwa Hamza Shekiondo, pamoja na mkewe, Bi. Mgeni. Mzee Shekiondo alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane. Nyumba ipi inavuja upande wa jikoni, kiwanja kipi hujaa maji wakati wa masika, mwenye nyumba yupi hataki wapangaji wanaofuga kuku, yote aliyajua bila kuyaandika popote.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kando ya soko. Bi. Mgeni ndiye aliyefungua asubuhi, akafagia, akatunza funguo za nyumba za watu. Mzee alipozidiwa na maumivu ya magoti, mkewe ndiye aliyewazungusha wateja mitaani. Jioni mumewe alimwuliza, "Wameipenda?" Naye alijibu, "Wameipenda, watarudi Jumatatu." Hilo wote wawili waliliita kumsaidia mzee.

Mwaka mmoja ukaja utaratibu mpya. Dalali yeyote anayetaka kuhuisha leseni yake lazima kwanza afanye mtihani wa maandishi kwenye ofisi ya mkoa, na apate alama hamsini kwa mia. Leseni ya Mzee Shekiondo ilikuwa inakwisha mwishoni mwa Juni. Kabla ya hapo kulikuwa na mitihani miwili tu, mmoja Machi, mwingine Mei.

"Wataniuliza nini nisichokijua?" alisema Mzee, akaenda Machi bila kufungua hata ukurasa mmoja wa kijitabu cha kanuni alichopewa.

Alipata thelathini na moja.

Hakumwambia mtu. Bi. Mgeni aliona tu kwamba mumewe haombi tena kikombe cha pili cha chai, na kwamba akisalimiwa barabarani anaitikia huku anatazama viatu vyake. Siku ya tano alimkuta ofisini amejifungia, wateja wanagonga nje.

"Baba Salha, watu wanagonga."

"Nawasikia."

"Sasa?"

Mzee akamsogezea karatasi ya matokeo. Bi. Mgeni akaisoma, akaisoma tena.

"Kuna swali moja," Mzee alisema kwa sauti ya chini, "niliandika kwamba nyumba ya namna hiyo haipo mjini kwetu, kwa hiyo siwezi kulijibu."

Bi. Mgeni alitaka kucheka. Akayaona macho ya mumewe, akajizuia. Kilichomuuma hakikuwa ofisi kufungwa. Wangelima, wangeuza maandazi, wangeishi. Kilichomuuma ni huyu mtu aliyejulikana na mji mzima, sasa amekaa gizani kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

"Kijitabu kiko wapi?" akauliza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, Bi. Mgeni alisoma maswali na Mzee akajibu.

"Mteja amekukabidhi nyumba umtafutie mnunuzi. Mpwa wako naye anaitaka nyumba hiyohiyo. Utafanya nini?"

"Nampa mpwa wangu."

"Umekosa. Kwanza unamweleza mwenye nyumba kwamba huyu ni ndugu yako."

"Mpwa wangu ana watoto wanne, Mama Salha. Wanalala chumba kimoja."

"Mtihani haukuuliza habari za watoto."

"Ndiyo maana ni mtihani mbaya."

Waligombana hivyo wiki baada ya wiki, na katika ugomvi huo Mzee akarudia kunywa kikombe cha pili. Asubuhi moja Bi. Mgeni alikuwa anakaanga maandazi huku akimwuliza maswali, moja baada ya jingine, na kumpa jibu sahihi kila Mzee alipokosea. Mzee akaacha kujibu. Kijitabu kilikuwa chumbani, juu ya kabati.

"Mbona unanitazama?"

"Hamna kitu. Endelea."

Wiki hiyo Mzee alisafiri peke yake kwenda ofisi ya mkoa kujiandikisha kwa mtihani wa Mei. Alirudi na mfuko wa machungwa na uso mkunjufu, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa wiki nyingi. Bi. Mgeni akashukuru Mungu, hakuuliza zaidi.

Siku ya mtihani walikwenda pamoja, kwa sababu ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili na magoti ya Mzee hayakuzipenda ngazi. Bi. Mgeni alimfikisha mlangoni, akamfuta vumbi begani, akampa miwani yake. Afisa mmoja, mama wa makamo mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akaanza kuita majina. Aliyeitwa aliingia na kukaa.

"Hamza Shekiondo."

Mzee hakusogea.

"Baba Salha, umeitwa."

"Nimesikia. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Afisa akageuza karatasi. "Waombaji wapya. Mgeni Saidi Mbwambo."

Bi. Mgeni akatazama nyuma kuona ni nani mwenye jina kama lake. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Baba Salha, umefanya nini?"

"Niliwaletea cheti chako cha darasa la saba na picha yako. Wamekikubali."

"Mimi nimekuja kukusindikiza."

"Najua."

"Nitakuaibisha mbele za watu."

"Miezi miwili nimekaa mezani nikikusikiliza," Mzee alisema. "Mwanzoni nilikuwa najifunza kanuni. Halafu nikaanza kujifunza kwamba sijui nimeoa nani. Ingia, mke wangu. Bado saini yako tu."

Kulikuwa na watu thelathini wanawatazama. Afisa yule hakuwaharakisha. Bi. Mgeni akakunja kanga yake vizuri begani, akatia saini, akaingia.

Swali la kwanza lilihusu nyumba ambayo mpangaji bado anaishi ndani. Dalali afanye nini kabla ya kumpeleka mnunuzi kuiona? Bi. Mgeni akalisoma, akashika kalamu. Hilo hakulipata kwenye kijitabu. Ni mara ngapi alikuwa amebisha hodi kwenye milango ya watu, akaomba siku inayowafaa, akamzuia mteja asiingie chumba cha kulala mpaka mwenyewe aruhusu? Akaandika aliyokuwa akiyafanya. Akaendelea na la pili, na la tatu. Aliponyanyua kichwa, muda ulikuwa umekwisha.

Matokeo yalibandikwa ukutani tarehe ishirini na nne Juni. Walisimama bega kwa bega mbele ya karatasi, kila mmoja anatafuta jina la mwenzake.

Bi. Mgeni alilipata la mumewe kwanza. Arobaini na nane. Amepungukiwa alama mbili tu. Akamshika mkono bila kumtazama.

"Pole, Baba Salha."

Kidole cha Mzee kilikuwa juu kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa kwanza. Mgeni Saidi Mbwambo, themanini na sita.

Mzee alipogeuka, Bi. Mgeni aliona anacheka na machozi yanamtoka, wala hayafuti.

"Sitaichukua leseni hiyo," Bi. Mgeni alisema haraka. "Watu watasema nimemnyang'anya mume wangu kazi."

"Watu haohao kesho watakuja kutafuta vyumba. Utawaambia nini, tumefunga?"

"Na wewe utakuwa nani pale ofisini?"

"Nitapumzisha magoti. Mtihani ujao nitajaribu tena. Nikishindwa, nitajaribu mwingine. Mwalimu ninaye nyumbani."

Wakaingia ndani. Afisa yule wa kitambaa cha kijani akatoa fomu ya leseni mpya, akampongeza Bi. Mgeni, kisha akaweka kidole chini ya ukurasa.

"Mama, hapa panatakiwa mdhamini. Awe dalali mwenye leseni hai, aliyekufahamu kikazi kwa miaka isiyopungua mitano. Unaye mtu kama huyo?"

Bi. Mgeni akaitazama saa ya ukutani. Madalali wote aliowajua walikuwa mbali, na ofisi ilikuwa inafungwa saa tisa.

Mzee Shekiondo akaingiza mkono mfukoni, akatoa leseni yake iliyokunjwakunjwa, akaiweka juu ya meza.

"Hii bado ina siku sita," alisema.

Afisa akaichukua, akaitazama tarehe, akamtazama Mzee. "Na umemfahamu kikazi kwa miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

Afisa akamsogezea kalamu. Mzee akavaa miwani, akainama, akaandika jina lake lote kwa utaratibu, herufi baada ya herufi, kama mtu asiyetaka kumaliza. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwa leseni ile.

Funzo: Mtu anayekusaidia kila siku huenda anaijua kazi kuliko unavyodhani, na kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Ukimpenda, usiishie kumshukuru. Mpeleke mpaka mlangoni, aingie kwa jina lake.