Kengele Iliyozama Soitabai

Kaeni kwenye haya mawe mpumzike. Najua maji mmeshayasikia na miguu inawawasha kufika, lakini hapa kila mtu husimama, na nitawaeleza kwa nini.

Hapo kale, kabla nyanya za nyanya zetu hawajazaliwa, maporomoko ya Soitabai yalianguka kimya. Maji yalishuka jabali lote lile bila sauti, kama unga unavyomiminika kwenye ungo. Mtu aliweza kupita karibu hapa koo limemkauka, asijue kitu. Na huku kwetu kaskazini, nchi ya mawe na miiba, hilo si jambo dogo.

Mwaka mmoja mvua zikakata. Visima vya mchangani vikakauka, ng'ombe wakawa wanalala wasiamke tena. Mfugaji mmoja aitwaye Lekarik, akimfuata mbuzi aliyepotea, akayakuta maji haya. Alirudi bomani akamwambia mkewe, Nchekiyo, peke yake. Alisema wangehamia huko kesho yake, na majirani wasijue.

Sasa, sisi wafugaji humvisha kengele dume anayeongoza kundi, na mlio wake hufika mbali. Alfajiri Lekarik akasokota nyasi akaiziba ile kengele, ili wapite kimyakimya. Hapo ndipo alipokosea, tena vibaya. Mama yake, Bibi Nareyio, alikuwa kipofu kwa miaka mingi, na kila walipohama alitembea akiifuata kengele hiyohiyo. Mwana aliwakumbuka majirani akamsahau mama. Mimi Lekarik simpendi kwa hilo, nawaambieni wazi.

Mkewe alipomkumbusha, Lekarik alimpa mama mkia wa punda aushike, akaona yamekwisha. Walitembea kutwa, wakavuka korongo, wakaingia kwenye msitu huu tuliotoka sasa hivi. Hakuna aliyeruhusiwa kuita wala kupiga mluzi. Ng'ombe waliponusa maji walitoka mbio, na punda naye akatoka mbio. Alipofika dimbwini, hakuna aliyekuwa ameshika mkia wake.

Nchekiyo alitaka kengele izibuliwe palepale. Lekarik akasita, akasema majirani watasikia.

"Majirani wakisikia watakunywa," mkewe akamwambia. "Mama asiposikia atakufa."

Aibu ikamshika. Akaifungua kengele shingoni mwa dume, akazichomoa nyasi, akaitikisa kwa nguvu zake zote, lakini msitu ukaumeza mlio. Ikabidi apande lile jabali, labda kutoka juu mama angesikia. Alipanda huku akilia bila kujificha. Alipokaribia kilele, ukanda wa kengele ukakatika, kengele ikaporomoka na kuzama dimbwini, palepale maji yanapoangukia. Lekarik akashuka, akaketi, akajishika kichwa. Alijua amemuua mama yake.

Lakini kule chini maji yalikuwa yakiipiga kengele, na kengele ikalitikisa jabali. Mngurumo ukaanza taratibu, ukapanda, ukalijaza korongo, ukapita msitu mpaka tambarare.

Jua likikaribia kuzama, Bibi Nareyio akatokea kwenye kona hii mlipokaa, miguu imechanwa na miiba. Nyuma yake walikuwa majirani na ng'ombe wao waliokonda. Nao walikuwa wamehama usiku uliotangulia, Lekarik asijue, wakitafuta maji, wakamkuta msituni akipapasa miti, wakamshika mkono. Mngurumo ulipowafikia waliogopa, wakadhani mlima unaanguka, wakataka kurudi. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema hiyo ni kengele ya kwao, anaijua kama anavyoijua sauti ya mwanawe, akawavuta mpaka hapa.

Lekarik alipiga magoti mbele yake. Bibi akampapasa kichwa mpaka akahakikisha ni yeye.

"Nimekuja na wenzetu," alisema. "Wao hawakuwa na maji, mimi sikuwa na wa kunishika mkono. Inuka, wapishe wanywe."

Lekarik akainuka, akawapisha. Siku ile alikunywa wa mwisho, baada ya watu wote na mifugo yote.

Kengele haikupatikana tena, na sidhani kama kuna aliyeitafuta. Na tangu siku hiyo maji ya Soitabai hunguruma, na anayeyaendea huyasikia kabla ya kuyaona. Na tangu siku hiyo, wanaokwenda huko wakifika kwenye kona hii husimama na kugeuka, wakamngoja aliyebaki nyuma, na huyo ndiye anayetangulia kunywa.

Ndiyo maana nimewakalisha. Yule mwenzenu wa viatu vipya, mliyekuwa mkimcheka tangu asubuhi, bado yuko huko chini anachechemea. Haya, namwona anakuja. Mpisheni apite.