Mzinga Mwepesi wa Nyegere

Paukwa.
Pakawa.
Nimekuja na mzinga begani.
Una nini ndani?
Mimi nasimulia tu. Gongeni wenyewe msikie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, katika nchi ya miyombo alikuwako Nyati. Msitu wote ulikuwa wake, mpaka ukingoni mwa mto. Nyati alipenda asali sana, lakini kupanda mti hakuweza, na nyuki alikuwa akiwaogopa.

Basi akawaita wanyama watatu: Fisi, Ngedere na Nyegere. Kila mmoja akampa magogo kumi ya kuchongea mizinga. Akawaambia, "Magogo yangu, kazi yenu. Mkirina asali, nusu yangu, nusu yenu. Ikikosekana, tumekosa sote."

Wakakubali. Nyegere alifurahi kuliko wenzake, maana tangu azaliwe alikuwa mwizi wa asali, hana siku asiyoumwa na nyuki. Sasa angekuwa na mizinga yake. Akachonga yote kumi, akaipaka nta midomoni, akaitundika matawi ya chini ili Nyati aifikie. Nyuki wakaingia.

Mwaka wa kwanza asali ilikuwa tele. Mwaka wa pili ikazidi. Nyati alikuwa akipita, anainyanyua mizinga kwa pembe, mmoja baada ya mwingine. Ukiwa mzito anasema, "Vizuri." Hicho ndicho kipimo chake. Mwenye nguvu hupima kila kitu kwa kukinyanyua, hata visivyotaka kunyanyuliwa.

Mwaka wa tatu mvua haikunyesha. Miyombo haikutoa maua. Mto ukawa vidimbwi, vidimbwi vikawa matope.

Fisi alikuwa wa kwanza kukata tamaa. Akala asali yote, akala na nta, akala na makinda ya nyuki. Magogo akayawasha akaota moto, kisha akahama. Tusimseme sana, huko aliko anacheka.

Ngedere hakuhama. Ngedere alipenda kusifiwa, na nyuki wake walipokimbia aliona haya kusema. Akajaza udongo katika mizinga yote kumi, akapaka asali kidogo midomoni, akakaa chini yake akipiga ngoma.

Na Nyegere je? Nyegere aliigonga mizinga yake mmoja mmoja na kuitegea sikio. Ndivyo wafanyavyo warina asali. Nyuki wenye chakula ukiwagonga huvuma kidogo, wakanyamaza. Wenye njaa huvuma wakaendelea kulia. Waliohama hawasemi kitu. Siku ile mizinga mitatu ilikuwa kimya, sita ikalia, na mmoja tu ulivuma ukanyamaza.

Nyegere akakaa chini akawaza. Kisha akawatoa nyuki wa mizinga sita, na masega yao machache, akawaunganisha na wale wa mzinga mmoja. Mizinga tisa iliyobaki tupu akaitundika jikoni, juu ya moshi, mchwa wasiile. Ilimuuma, maana aliichonga kwa mikono yake. Lakini chakula kidogo kikitawanywa mizinga saba, hakishibishi hata mmoja.

Kila asubuhi alifuata maji mbali, akayamimina kwenye kigae chini ya mti. Akatia na vijiti, nyuki watue wasizame. Yeye mwenyewe alikula mizizi na wadudu. Nyegere, ambaye roho yake ni asali, akawa analala chini ya asali na tumbo tupu.

Siku moja njaa ilimzidi. Akafungua mzinga, akaingiza mkono, akagusa sega. Harufu ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Akasema moyoni, nikila leo, kesho nitakuwa na nini? Akautoa mkono mtupu, akaona aibu, japo hakuna aliyemwona.

Katika kiangazi hicho Nyati akaja mara ya kwanza.

"Shikamoo, mzee," Nyegere akasema.

"Marahaba. Mizinga yangu iko wapi?"

"Mmoja uko mtini. Tisa iko jikoni, kwenye moshi."

"Na asali?"

"Mwaka huu sina ya kukupa, mzee. Iliyomo ni chakula cha nyuki."

Nyati akaunyanyua ule mmoja. Mwepesi. Akaondoka bila kuaga, akaenda kwa Ngedere. Huko akanyanyua mizinga kumi, yote mizito.

"Huku kwangu shwari, mzee," Ngedere akasema. "Ila tusiifungue sasa, tutawasumbua nyuki." Nyati akalala usingizi mzuri usiku ule.

Lakini bwawa lake Nyati nalo lilikuwa linakauka, na mwenye mali akishikwa na hofu hukimbilia kwenye kizito. Akaja mara ya pili. Akaichukua mizinga tisa kutoka jikoni, akampelekea Ngedere. "Mizinga haikai moshini," akasema. "Mpe anayejua kuijaza."

Ngedere akaijaza kweli, kwa udongo uleule.

Nyegere alibaki na mmoja. Akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akachukua kibuyu, akaenda kutafuta maji.

Nyati akaja mara ya tatu, na Ngedere nyuma yake ameshika kamba.

"Nimekuja kuchukua na huu," Nyati akasema.

Nyegere akasimama mbele ya mti. "Mzee, magogo ni yako, siwezi kukuzuia. Lakini naomba kitu kimoja. Mara zote umenyanyua. Leo gonga, usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Gonga tu, mzee. Mimi nitanyamaza."

Nyati akagonga kwa ncha ya pembe. Ndani kukavuma, vuuu, halafu kukatulia. Nyati akarudi nyuma hatua moja.

"Wamo," akasema.

"Wamo. Wote niliobaki nao wamo humo. Mvua ikinyesha watagawanyika, wataijaza mizinga yako. Wakifa hawa, hata ukiwa na magogo elfu, utakaa nayo matupu."

Ngedere akacheka. "Mzee, debe tupu haliachi kuvuma."

Nyati akamgeukia. Kisha akasema, "Twende kwako, tukagonge debe lililojaa."

Wakaenda. Nyati akagonga mzinga wa kwanza: ndu. Akagonga wa pili: ndu. Akagonga wa tatu, udongo ukazimwagikia kwato zake zote nne. Ngedere akatazama juu, kama anayetafuta mvua.

"Ngedere," Nyati akasema, "ungeniambia nyuki wamekimbia, ningehuzunika, yakaisha. Umenifanya nimnyang'anye mwenye nyuki nikampe mwenye udongo."

Hakumwua. Alimwambia akung'ute mizinga yote kumi na tisa, airudishe kwenye moshi wa Nyegere, na achote maji mpaka mvua inyeshe. Ngedere alichota miezi minne. Ngoma aliiacha, maana mikono yote ilikuwa na vibuyu.

Mvua ikaja. Miyombo ikatoa maua. Nyuki wa mzinga ule mmoja wakagawanyika, wakaingia wa pili, wa tatu, na kabla mwaka haujaisha mizinga kumi ilikuwa inavuma. Nyegere akarina sega la kwanza, akampa Nyati nusu yake. Nusu yake yeye akaishika, akalamba kidole.

Nyati akasogea kwenye mti. Kwa mazoea akainamisha pembe anyanyue. Akakumbuka. Akageuza kichwa, akaweka sikio, akagonga taratibu.

Ndiyo hayo, wenzangu. Kiangazi hakiwaulizi watu wana mizinga mingapi. Huuliza ni upi wenye uhai ndani yake. Mwenye kazi aseme ukweli mapema na alinde kilicho hai, na mwenye mali asikilize kabla ya kunyanyua.

Hadithi yangu nimeirina yote. Mliosikiliza chukueni asali, waliosinzia nimewabakizia nta.