Kitovu Kilichorudishwa na Posta

Mwinua kizingiti hukwaza mwanawe.

Mwenyekiti wa mtaa aliitamka methali hiyo katikati ya mkutano, wazee wakatikisa vichwa, na mambo yakaendelea. Vijana waliokaa nyuma hawakuielewa. Mkutano ulipovunjika walimfuata Bi Mize, mwalimu mstaafu ambaye alikuwa amewafundisha wengi wao kusoma, wakamwuliza imetoka wapi. Bi Mize aliweka kikapu chake chini, akakaa tena kwenye benchi.

"Methali hii ilianza hivi," akasema.

Palikuwa na mtu aitwaye Mbaruku Shekiondo, mzaliwa wa Kwemvumo, kijiji cha milimani ambako ukungu huchelewa kuondoka na migomba huota hadi ukutani mwa nyumba. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Bibi Mwantumu, alimsomesha kwa kuuza ndizi na kusuka mikeka, na Mbaruku hakumwangusha. Alisoma, akaajiriwa mjini, akapanda vyeo hadi akawa mkuu wa Baraza la Bei za Posta. Kazi ya Baraza hilo ilikuwa kuamua posta itoze kiasi gani kwa kila kinachopita mikononi mwake.

Siku zile posta ilikuwa taabani kwa sababu ya vifurushi vya haraka vilivyotoka ng'ambo. Mtu aliyeko huko alilipa fedha nyingi ili kifurushi chake kipande ndege na kufika upesi, lakini fedha hizo karibu zote zilibaki kulekule. Posta ya hapa ilipewa sehemu ndogo mno, nayo ndiyo iliyotakiwa kukipokea, kukitunza na kukipandisha mlimani hadi mlangoni kwa mwenyewe. Pikipiki zilisimama kwa kukosa matairi. Wapeleka vifurushi walikopa unga madukani. Mbaruku aliwajua baadhi yao kwa majina, na jambo hilo lilimnyima raha.

Ndipo alipopendekeza ada ya mlangoni. Kila apokeaye kifurushi cha haraka kutoka nje alipe kwanza, ndipo akabidhiwe. Asiyelipa, kifurushi kikae posta muda kidogo, kisha kirudi kilikotoka.

"Anayetumiwa vitu kwa ndege hawezi kushindwa na ada," aliwaambia wenzake barazani.

Walikubali bila ubishi mrefu. Ada ikaanza kutozwa, pikipiki zikapata matairi, mishahara ikalipwa. Mbaruku alisifiwa, na kwa kweli alistahili, maana hakuchukua hata senti moja kwa ajili yake.

Sasa, Mbaruku alikuwa na binti mmoja tu, Zuhena. Huyu alikwenda Ufini kusomea uuguzi, akapata kazi huko, na huko huko akakutana na kijana wa Kighana wakapendana. Alipompigia baba yake simu kumweleza habari ya ndoa, Mbaruku aliumia. Hakuwa na neno baya juu ya kijana yule, hata hakumjua. Kilichomuuma ni umbali. Lakini maumivu ya mtu mwenye kiburi hutoka mdomoni yakiwa hasira, naye alisema, "Haya, olewa. Lakini ujue watoto utakaowazaa huko hawatakuwa na kwao."

Zuhena alimuaga, akakata simu. Tangu siku hiyo alizungumza na mama yake tu, Bi Asumini. Mbaruku alikuwa akikaa sebuleni akijifanya anasoma gazeti, masikio yote yakiwa chumbani kwenye simu. Bi Asumini alilijua hilo, kwa hiyo alikuwa akiongea kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hivyo ndivyo alivyosikia kwamba Zuhena amejifungua mtoto wa kike. Siku ile Mbaruku alitoka bila kuaga, akaenda dukani, akanunua kofia ndogo ya sufu, akaificha kabatini chini ya mashati yake. Mara kadhaa alishika simu ampigie binti yake. Kila mara aliiweka chini, akijiambia kwamba mtoto ndiye humtafuta mzazi.

Kule Kwemvumo kuna desturi ya tangu mababu. Kitovu cha mtoto kikishakauka na kudondoka, bibi wa ukoo hukifukia nyuma ya nyumba, shinani mwa mgomba, na kuanzia hapo mtoto huyo ana kwao, hata akiishi mwisho wa dunia. Bibi Mwantumu alikuwa amefukia vitovu vya ukoo mzima, cha Mbaruku na cha Zuhena vikiwamo. Basi Zuhena, aliyekuwa bado na lile neno la baba yake moyoni, alikifunga kitovu cha mwanawe katika pamba, akakitia kwenye kikopo kidogo, akakituma kwa posta ya haraka. Juu ya kifurushi aliandika jina la bibi yake. Hakumwambia mtu. Alitaka bibi akifungue mwenyewe, ashangae, afurahi.

Aliyekipandisha mlimani alikuwa Bwana Hoza, mtu mzima mwenye mvi, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Alimkuta Bibi Mwantumu akianika mahindi. Bibi alipoambiwa mzigo unatoka kwa Zuhena alicheka, akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha viganja. Hoza akamweleza habari ya ada.

Ilikuwa karibu sawa na bei ya majogoo mawili. Bibi hakuwa nayo.

"Mjukuu wangu kanitumia zawadi," alisema taratibu, "nami niinunue?"

"Ndiyo amri, bibi. Zamani kidogo nilikuwa nawalipia watu mfukoni mwangu, nikashindwa."

Bibi alikitazama kile kifurushi. Angeweza kumpigia Mbaruku simu, lakini hakuwa na mazoea ya kumwomba mwanawe fedha, na alidhani ndani mna kitambaa au sabuni ya kunukia. "Basi kirudishe, baba," akasema. "Mwambie bibi yake ameshukuru sana. Ameshukuru kana kwamba amepokea."

Hoza alingoja hadi muda wa kukitunza ukapita, akitumaini bibi atateremka. Hakuja. Na mhuri wa posta haukuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu ameshukuru. Ulikuwa na neno moja tu, na kifurushi kiliporudi Ufini, Zuhena alilisoma neno hilo jekundu juu ya jina la bibi yake: IMEKATALIWA.

Bi Asumini alipigiwa simu asubuhi. Safari hii hakupaza sauti. Alitoka chumbani akasimama mbele ya mumewe, macho yamelowa.

"Mama yako amekikataa kitovu cha mtoto," alisema. "Zuhena alikituma Kwemvumo kikazikwe, kimerudishwa. Anasema sasa ameelewa kwamba ni kweli, mwanawe hana kwao."

Mbaruku alizielekeza hasira zake zote kwa mama yake. Yeye alikuwa amesema neno la hasira, ndiyo, lakini mama kukikataa kitovu? Alichukua gari akapanda mlima bila hata kunywa chai, na njia nzima alikuwa akipanga maneno.

Bibi Mwantumu alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Alifurahi kumwona, akaanza kuinuka.

"Mama," Mbaruku alisema kabla hata ya kuamkia, "mtoto wa Zuhena amekukosea nini?"

"Shikamoo kwanza, baba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa sema. Nani amekosa nini?"

"Umerudisha kitovu cha mtoto! Zuhena alikutumia kitovu cha mwanawe, nawe ukakirudisha!"

Ungo ulimponyoka bibi, mchele ukamwagika sakafuni.

"Kile kifurushi," alisema. "Kumbe ndicho kilikuwa mle? Baba, mimi nilidhani ni sabuni."

"Hata kama ni sabuni, mbona ulikataa?"

"Sikukataa. Nilidaiwa. Yule bwana alisema siku hizi kitu cha nje hulipiwa mlangoni, tena ni bei ya majogoo mawili. Nikasema, waliopanga bei ni watu wenye akili zao, hawapangi bure. Nikamtuma shukrani." Alimtazama mwanawe. "Wewe unafanya kazi mambo hayo ya posta. Hiyo bei kaiweka nani?"

Mbaruku aliutazama mchele uliomwagika.

"Mimi, mama."

Bibi hakumkaripia. Alimvuta mkono akamkalisha chini kando yake, kama alivyokuwa akimkalisha alipokuwa mdogo na amevunja kitu. Wakaanza kuokota mchele pamoja, punje kwa punje.

"Uliiweka kwa ajili ya nani?" bibi akauliza.

"Kwa ajili ya wapeleka vifurushi. Walikuwa hawalipwi. Nikadhani wapokeao vitu vya ng'ambo ni matajiri."

"Nia yako haikuwa mbaya," bibi akasema. "Lakini sikiliza, baba. Mtu akiinua kizingiti cha nyumba yake hudhani anamzuia mgeni. Mgeni hutazama chini, akaruka, akapita. Anayejikwaa ni mtoto wa nyumbani, maana yeye huingia mbio akijua ni kwao. Mwinua kizingiti hukwaza mwanawe."

Mbaruku alilia. Mtu mzima yule, mkuu wa Baraza, alilia ukumbini kwa mama yake huku ameshika mchele mkononi. Alipotulia alitoa simu, akampigia binti yake kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya ugomvi. Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Zuhena," alisema, "bibi yako hakukataa. Hakujua ni kitu gani, na hakuwa na ada. Ile ada niliiweka mimi. Na neno nililokwambia nalo nililisema mimi. Yote mawili ni yangu. Nisamehe, mwanangu."

Upande wa pili mtoto alisikika akilialia. Kisha Zuhena akasema, "Baba, hujaniuliza mtoto anaitwa nani."

"Anaitwa nani?"

"Mwantumu."

Bibi, aliyekuwa ametega sikio karibu na simu, alicheka na kulia kwa pamoja. "Tazama!" akasema. "Jina langu limefika Ulaya, na mimi hata mjini sijazoea!"

Zuhena alikituma tena. Siku kilipotarajiwa Mbaruku alikuwapo Kwemvumo, na Hoza alipozima pikipiki uani, Mbaruku alilipa ada kama mtu mwingine yeyote. Bibi akakipokea kikopo kwa mikono miwili, akakibusu. Lakini Mbaruku aliona kwamba mfuko wa Hoza ulikuwa bado umejaa vifurushi.

"Hivyo unavipeleka wapi?"

"Hivi vinarudi, mzee. Wenyewe wameshindwa kulipa."

"Vina nini ndani?"

Hoza aliinua mabega. "Sijui, mzee. Hata hiki chenu sikujua."

Neno hilo lilimwingia Mbaruku kuliko mengine yote. Walikifukia kitovu shinani mwa mgomba, bibi akasoma dua, lakini macho ya Mbaruku yalikuwa kwenye ule mfuko ukiteremka mlima.

Aliporudi mjini aliitisha Baraza. Mmoja wa wenzake alimnong'oneza kwamba kama shida ni mama yake, jina la bibi lingeweza kusamehewa ada kimyakimya, pasiwe na maneno. Mbaruku alikataa. Alisimama akawasimulia wote habari ya kitovu, bila kujificha, pamoja na maneno ya mama yake.

"Ukiiondoa ada pikipiki zitasimama tena," mjumbe mmoja alisema, naye alikuwa na haki.

"Zisisimame," Mbaruku akajibu. "Fedha itafutwe, ila isiombwe mlangoni kwa bibi aliyeanika mahindi. Iombwe kule ilikokwisha kulipwa, kwa hao wanaomtoza mtumaji kisha wakatuachia makombo."

Haikuwa kazi rahisi. Alisafiri, akaketi na watu wa posta za ng'ambo, akabishana nao, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. Waliomsifu zamani walianza kumcheka, wakisema amezeeka kabla ya wakati. Mwisho nchi kadhaa zilikubali kuongeza sehemu yetu, na Baraza likapanga bei upya: vifurushi vidogo, vile ambavyo mtu humtumia ndugu yake, visidaiwe kitu mlangoni, mizigo mikubwa ya biashara ilipe, tena bei yake iwe na kikomo. Nchi nyingine ziligoma, na mwaka huo posta ilijibana. Kipindi cha Mbaruku kilipokwisha hawakumrudisha kwenye cheo. Alirudi nyumbani akiwa amevaa suti ileile ya siku zote, akamwambia mkewe apike pilau.

Wapeleka vifurushi ndio walioyasambaza maneno ya Bibi Mwantumu. Walizunguka kila kijiji, na walipoulizwa mbona siku hizi hawadai kitu, walisimulia. Siku Hoza alipoleta Kwemvumo picha ya mtoto amevaa ile kofia ya sufu aliyonunuliwa na babu yake, bibi alimuuliza mara ya kwanza, akamuuliza tena, kama kweli hakuna cha kulipa. Akaambiwa hakuna. Hakuridhika. Aliingia shambani akakata mkungu wa ndizi, akamfungia nyuma ya pikipiki, akasema hiyo si ada, hiyo ni shukrani, na posta ikitaka igonge mhuri.

Bi Mize alinyanyua kikapu chake. "Basi wanangu," akasema, "siku mtakapopewa madaraka ya kuweka bei, au sheria, au sharti lolote mlangoni pa watu, mkumbuke kwamba hamuwajui wote watakaoingia. Mwinua kizingiti hukwaza mwanawe."